pH Inapanda Kila Asubuhi: Maji ya Kisima, Asidi na Saladi za Nyuma ya Nyumba

Kama unalima kwenye maji bila udongo (haidroponiki) hapo nyumbani hii itakuwa imeshakukuta. Jioni unapima pH, ile namba ya asidi ya maji, unakuta 7.8, unaweka dawa ya kushushia kidogo kidogo mpaka mita inasoma 5.8, unafunika pipa unaenda kulala roho kwatu. Asubuhi unakuta 7.1. Unashusha tena, jioni imerudi juu, na kale kachupa ka dawa ulikoagiza Dar kwa hela nyingi kameshafika nusu na saladi zenyewe bado hazijatosha hata sahani moja. Hapo ndo watu wanaanza kugombana na mita, oh imekufa, oh ya mchina, wengine wanasema mbolea feki, wengine wanakata tamaa wanarudi kwenye udongo na mabomba yanabaki ya kuanikia nguo.

Mimi naona mara nyingi mita haina kosa na mbolea haina kosa. Ni maji. Ile namba ya pH inakwambia maji yako wapi saa hii, haikwambii kesho yatakuwa wapi. Cha kukwambia habari ya kesho ni kitu kingine kinaitwa alkaliniti, yaani maji yana uwezo gani wa kuikataa asidi unayoyapa, na huku kwetu uwezo huo unatokana karibu wote na bikaboneti iliyoyeyuka humo ndani. Sijawahi kuona duka la vifaa vya haidroponiki linalomwambia mteja habari ya bikaboneti. Wanakuuzia mita, wanakuuzia chupa mbili moja ya kupandisha moja ya kushusha, basi, nenda kapambane.

Mi niko Arusha. Mfumo wangu wa kawaida kabisa: mabomba ya PVC ya inchi 4 yaliyotobolewa juu, pipa la bluu la lita 60 chini, pampu ndogo ya maji inayozungusha, na pampu ya hewa yenye kale kajiwe ka mapovu. Saladi, chainizi, mnanaa, na sukuma kidogo kwa sababu watu wa nyumbani wanasema saladi siyo mboga. Maji ya kisima. Kwa hiyo haya ninayoandika yametoka kwenye maji ya hapa, ukiwa sehemu nyingine namba zitabadilika ila mchezo ni uleule.

Kwanza kwa nini tunahangaika na pH kabisa. Mimea mingi kwenye maji inataka kati ya 5.5 na 6.5. Hapo virutubisho karibu vyote vinabaki vimeyeyuka na mzizi unaweza kuvichukua. Ukipanda juu ya 7 chuma ndo kinaanza kusumbua, manganizi nayo, fosforasi inakamatana na kalsiamu inageuka unga mweupe unaokaa chini ya pipa, umeinunua kwa hela yako halafu inakaa chini ya pipa. Dalili ya chuma utaijua haraka: majani mapya, yale ya katikati kabisa, yanakuwa njano lakini mishipa inabaki kijani. Majani ya zamani yako poa. Mtu anaona njano anasema njaa hiyo, anaongeza mbolea, EC (kipimo cha jumla ya chumvi zilizoyeyuka kwenye maji) inapanda, njano iko palepale, kwa sababu chuma kimo tele mle ndani ila hakiko kwenye hali ya mzizi kukibeba.

Na hapo hapo niseme, angalia chuma ulichonunua ni cha aina gani. Kwenye paketi kutakuwa na herufi, hizo ni jina la kitu kinachokishika chuma kibaki kimeyeyuka. EDTA ndo ya bei rahisi na inashika vizuri mpaka kama pH 6 na kitu, ikipita hapo inaanza kukiachia chuma. DTPA inavumilia mpaka 7 hivi. EDDHA inafika hata 9, na utaijua kwa rangi, inafanya maji mekundu kabisa, mgeni akiona anauliza umechinja nini. Mtu wa maji ya kisima kama mimi anayenunua EDTA kwa sababu ni nafuu anajidanganya, DTPA ndo ya kuanzia.

Sasa turudi kwenye namba. Kipimo cha pH alikileta mkemia wa Denmark, Sørensen, mwaka 1909, akiwa kwenye maabara ya Carlsberg kule Copenhagen, ndiyo, hao hao wa bia. Ni kipimo cha mara kumi kumi: maji ya pH 6 yana asidi mara kumi ya maji ya pH 7, na ya pH 5 mara mia. Watu wanalijua hili kwa kukariri shule, ila wanasahau kwamba halikwambii asidi kiasi gani inatakiwa kutoka hapa kufika pale. Chukua lita 60 za maji safi kabisa, yasiyo na kitu chochote ndani, yenye pH 7, dondoshea tone moja tu la asidi ya betri. Yatashuka mpaka pH 5 na kidogo. Tone moja! Halafu chukua lita 60 za maji ya kisima changu, ambayo nayo pH yake ni 7 na ushee, utamimina zaidi ya mililita 20 za asidi ile ile ndo ufike 5.8. Mita kwenye mapipa yote mawili mwanzoni ilisoma karibu sawa.

Bikaboneti ni kama deni la dukani. Unaingia na hela yako, mwenye duka anaichukua yote inaingia kwenye daftari, unaleta nyingine anachukua tena, huoni chochote mkononi mpaka deni liishe. Asidi unayoweka inakutana na bikaboneti, zinageuka maji na kaboni dayoksaidi, pH inatikisika kidogo tu. Siku deni likikaribia kuisha ndo pH inaanguka ghafla, na mtu aliyezoea kumimina kwa mkono mzito anajikuta yuko 4.

Ila kuna ujanja mwingine mle ndani na huu ndo unaoeleza ile kurudi juu usiku. Ile kaboni dayoksaidi iliyotokea haiondoki papo hapo. Inabaki imeyeyuka kwenye maji, na ikiwa ndani ya maji inafanya kazi kama asidi dhaifu, inaishikilia pH chini. Wewe unapima dakika mbili baada ya kuweka asidi, unaona 5.8, unafurahi. Pampu ya hewa inapuliza usiku kucha, maji yanamwagika kutoka bombani kurudi kwenye pipa, gesi yote inapeperuka, na kwa vile bikaboneti hukuimaliza, pH inapanda. Hakuna mchawi. Ulisoma namba ambayo nusu yake ilikuwa gesi. Dawa yake rahisi, weka asidi, acha hewa ipulize mpaka kesho yake, pima tena, ongeza, halafu ndo uweke mbolea na mimea. Ukiwa na haraka basi chota maji kwenye chupa ya soda ujaze nusu, tikisa sana ukifungua kifuniko kila mara, halafu pima, utaona pH ya kweli ilipo.

Maji ya huku yanadanganya

Watu wengi wanapima ugumu wa maji kwa sabuni. Povu likitoka jingi wanasema haya maji laini, povu likigoma wanasema maji magumu. Kwa maji ya pwani hiyo njia inakwenda vizuri, visima vya kwenye mwamba wa matumbawe kama Zanzibar maji yake yana kalsiamu na bikaboneti kwa pamoja, birika linaota ukoko mweupe, sabuni haitoi povu, kila kitu kinakubaliana. Lakini maji mengi ya ardhini ya huku Bonde la Ufa na maeneo ya volkano ni ya bikaboneti ya sodiamu, kalsiamu kidogo. Sabuni inatoa povu mpaka unachoka kusuuza. Mtu anasema maji laini haya, kumbe alkaliniti inaweza kuwa juu kuliko ya yule wa Zanzibar mwenye birika la ukoko. Ni maji ya familia moja na yale yanayotupa floridi, ambayo watu wa Arusha hatuhitaji kuelezwa, meno yanajieleza yenyewe. WHO wanasema floridi isizidi miligramu 1.5 kwa lita, na pale Ngurdoto kuna kituo cha utafiti kimekaa miaka mingi kikichuja floridi kwa mkaa wa mifupa ya ng'ombe. Hiyo ni mada nyingine kabisa, nimeitaja tu ili ujue maji haya ukiyasifia kwa povu umekosea.

Kwa mkulima wa maji hii sodiamu ina maana yake. Asidi inaondoa bikaboneti lakini sodiamu inabaki, haiendi popote. Saladi haina kazi nayo kubwa, inakunywa maji inaiacha, unaongeza maji mengine ya kisima juu yake, inajilundika. Kwa hiyo hata ukiiweka pH vizuri namna gani, EC yako baada ya muda inakuwa imejaa chumvi ambayo siyo mbolea, mita inasoma namba nzuri na mimea inadumaa. Na kwa vile kalsiamu ya kwenye maji ni kidogo, usiibanie kalsiamu naitreti kwa kusoma ushauri wa mtu wa Ulaya anayelalamika maji yake yana chokaa.

Kujua una bikaboneti kiasi gani siyo kazi. Njia ya kwanza, tafuta kile kipimo cha matone cha watu wa samaki wa mapambo kinachoitwa KH. Unaweka mililita 5 za maji, unadondosha tone tone unahesabu mpaka rangi ibadilike. Kila tone ni digrii moja, na digrii moja ni miligramu 17.8 kwa lita ukihesabu kama kalsiamu kaboneti. Cha kwangu kiangazi kinafika matone 14. Hiyo ni kama miliekwivalenti 5 kwa lita, neno refu, ila ndo kipimo kinachorahisisha hesabu. Ili mita isome 5.8 kabla ile gesi haijapeperuka unatakiwa uue kama asilimia 78 ya bikaboneti, siyo yote, ile robo inayobaki ndo inakuwa mto wa kulalia, inazuia pH isiyumbe. Tano mara 0.78 ni 3.9. Mara lita 60 ni miliekwivalenti 234, ndo deni la pipa zima.

Sasa 234 hizo unazilipa kwa asidi gani? Hapa ndo penye maneno.

Asidi ya fosforiki ya asilimia 85 ndo wanayoipenda watu wote kwa sababu haichomi kwa fujo sana na ni mbolea pia. Kwa hesabu ya hapo juu utahitaji kama mililita 16. Tatizo ni kwamba hizo mililita 16 zinakuletea fosforasi kama 120 kwa kila lita, miligramu, wakati saladi inataka 30 mpaka 50. Umezidisha zaidi ya mara mbili kabla hujaweka mbolea. Fosforasi ikizidi inagombana na chuma na zinki, kwa hiyo uliyetaka kutibu njano unaitengeneza upya kwa mlango wa nyuma. Naitriki ingekuwa nzuri kweli maana inaacha naitreti ambayo mimea inaila, mashamba makubwa ya maua ndo wanayotumia, lakini kwa mtu wa nyumbani kuipata shida na yenyewe ni hatari, inatoa moshi, mimi siitaki karibu na watoto.

Inabaki sulfuriki, ambayo kwa lugha ya mtaani ni asidi ya betri. Naijua aibu ya kusema hili mbele ya watu wanaokula saladi. Asidi mpya ya betri haijatengenezwa kwa ajili ya chakula, ukipata sulfuriki ya maabara au fosforiki ya daraja la chakula ni bora zaidi na uiendee hiyo. Lakini ya betri ikiwa mpya, imefungwa, haijawahi kuingia kwenye betri, ni sulfuriki na maji, na wakulima wengi wadogo wanaitumia. Usiguse kabisa ile iliyotolewa kwenye betri ya zamani, ile ina risasi. Na ukienda duka la spea kuwa makini na jina, maana ukisema tu "naomba maji ya betri" kuna wanaokupa maji yaliyotoneshwa (distilled) ya kuongezea na kuna wanaokupa asidi. Mimi muuzaji huwa ananiuliza, "Kaka, unataka maji au asidi? Maana juzi mtu kanirudishia kasema nimemuuzia vibaya." Vyote viwili nanunua, maji yake nayatumia kuyeyushia bafa za mita (unga wa pH inayojulikana wa kurekebishia mita), ila soma lebo, densiti ikiwa 1.28 hiyo ni asidi.

Kwa pipa langu, kiangazi, nikiwa na kisima peke yake, huwa naweka fosforiki mililita 5 tu, hiyo inanipa fosforasi kama 38 ambayo inatosha, halafu siweki tena potasiamu fosfeti kwenye mbolea. Deni lililobaki nalimaliza kwa asidi ya betri mililita 16 na nusu, inaacha salfa kama 42 kwa lita, hakuna mmea utakaolalamika. Zote nazimimina kwenye ndoo ya maji kwanza, asidi ndani ya maji, na siyo maji ndani ya asidi hata siku moja, ile inachemka ghafla inakurukia usoni. Miwani, glavu za mpira, magadi pembeni kwa ajili ya ikimwagika sakafuni. Na namimina nusu ya hesabu, nasubiri, napima, ndo namalizia, maana matone 14 ya leo baada ya mvua kubwa yanaweza kuwa 10.

Sasa wale wa siki na ndimu. Najua mmefika. Siki inashusha pH, ndimu inashusha pH, sibishi, kwa siku moja. Asidi zake ni za kikaboni, bakteria waliomo kwenye pipa wanazila, na wakishazila pH inarudi ilikotoka na wewe umewalisha bakteria, mabomba yanaota utelezi, mizizi inanuka. Kwenye ndoo moja ya kujaribu na watoto haina neno. Kwenye mfumo unaozunguka mwezi mzima hapana.

Na upande wa kupandisha, ukishusha kupita kiasi, watu wanakimbilia magadi kwa sababu yako jikoni kwa ajili ya maharage. Magadi ni sodiamu tena, na ya kwetu yanabeba floridi vilevile, sasa si umeongeza lile lile ulilokuwa unalikimbia? Kwa maji ya kisima dawa ya kupandisha iko bombani, ongeza maji mabichi ya kisima lita moja mbili, bure. Kwa wenye maji ya mvua potasiamu bikaboneti ndo nzuri, au kama huna kabisa, maji ya majivu yaliyochujwa, yana potasiamu, ila ni makali sana, tone tone.

Mvua

Kama una bati na simtank basi nusu ya makala hii haikuhusu, na hapa ndo ninapopenda kuliko pote. Maji ya mvua hayana bikaboneti ya maana. Masika yakianza mwezi wa tatu najaza kila kitu, mapipa, ndoo, hadi beseni za kufulia, nyumbani wanagomba. Bati jipya linatoa zinki kwa hiyo yale maji ya kwanza yanayooshea bati yaende shambani.

Lakini mvua peke yake nayo ina kiherehere. Haina mto wowote. Asubuhi 5.9, mchana 6.8, mimea ikila kidogo inaanguka 4.7, na ukijaribu kuipima kabla hujaweka mbolea mita inatembea tu haitulii, kwa sababu elektrodi, ile ncha ya mita inayopima, inataka maji yenye chumvi kidogo ili isome vizuri. Kuna mama mmoja mstaafu jirani yangu, yeye ana mvua tupu, alinipigia simu mita yake imeharibika. Nikaenda. "Shikamoo mama." "Marahaba mwanangu, njoo uone hiki kidude kinavyonichezea." Kidude hakikuwa na tatizo, tukaweka mbolea ndani ya maji kikatulia palepale. Akaniangalia kama nimefanya mazingaombwe.

Ninachofanya ni kuchanganya, mvua nne kisima moja. Hapo alkaliniti inashuka mpaka kama 1, matone matatu hivi ya KH, na kwa pipa la lita 60 mililita 3 za fosforiki zinamaliza kazi yote, asidi ya betri inakaa kabatini. Fosforasi inakuwa 23, naongezea kidogo kwa mbolea. Sodiamu nayo inagawanyika kwa tano. Kule kukaa na sirinji kila jioni kunaisha, na ndo maana nasema hela ya chupa za kushushia pH kaitoe kwenye ununuzi wa simtank, hata la lita 500.

Mimea nayo ina mdomo

Ukishayaweza maji, kinachobaki ni mimea yenyewe, na hii haiwezi kuzuilika wala haitakiwi izuiliwe. Mzizi ukichukua naitreti unatoa bikaboneti au kitu cha kufanana nayo ili chaji zilingane, pH inapanda. Ukichukua amoniamu unatoa haidrojeni, pH inashuka. Mbolea nyingi za haidroponiki naitrojeni yake karibu yote ni naitreti, kwa hiyo saladi ikiwa inakua vizuri pH lazima ipande taratibu. Kupanda huko ni habari njema, inaonyesha inakula. Mimi pH ikikaa palepale wiki nzima ndo naanza kuchungulia mizizi.

Wazee wa kazi hii walilijua mapema. Ile fomula ya Hoagland na Arnon wa Chuo Kikuu cha California, ya mwaka 1938, ambayo mpaka leo ndo mama wa mapishi yote, ina aina mbili, moja naitreti tupu na nyingine ina amoniamu kidogo, na ile ya pili pH yake haikimbilii juu haraka. Kwa mtu wa mtaani hiyo amoniamu ni SA (salfeti ya amonia), ile ile ya kwenye mfuko wa dukani. Pipa la lita 60 ukiweka gramu 4 za SA, kijiko cha chai kisichojaa, inakuwa kama sehemu moja ya kumi ya naitrojeni yote, na pH inakaa bila kusumbua. Usizidishe kwa kuona imefanya kazi, amoniamu nyingi inachoma mizizi hasa joto likiwa kali. Urea usiweke, inataka ivunjwevunjwe kwanza na bakteria na kwenye maji masafi hao bakteria ni wachache.

Kitu kingine kinachopandisha pH mchana ni ukijani, yale mauchafu ya kijani kwenye pipa lisilofunikwa. Yanakula kaboni dayoksaidi jua likiwaka, pH juu, usiku yanairudisha, pH chini. Ukiona yako inapanda saa nane na kushuka alfajiri usiweke asidi yoyote, paka pipa rangi nyeusi halafu juu yake nyeupe, ziba matundu yote.

Na ikianguka ghafla bila wewe kuweka kitu, kutoka 6 mpaka 4 na ushee kwa siku mbili, nusa maji. Mizizi ikiwa kahawia na inateleza, hilo ni tatizo la mizizi kuoza, mara nyingi kwa sababu umeme ulikatika pampu ikalala au maji yamepata moto sana. Kupandisha pH hapo ni kumpaka mgonjwa poda.

Mita niiseme haraka. Zile kalamu za njano za bei rahisi zinafaa, mradi uzitunze. Zinakuja na paketi za bafa, moja 4.01 na nyingine mara nyingi 6.86, siyo 7.00, sasa wapo wanaoiweka kwenye 7 kwa mazoea halafu vipimo vyote vinakuwa juu kwa 0.14. Soma paketi. Elektrodi isikauke, na isihifadhiwe kwenye maji yaliyotoneshwa, inataka kimiminika chake cha potasiamu kloraidi, ukikosa basi hata bafa ya 4. Ikianza kuchelewa kutulia hata kwenye bafa, imezeeka, nunua nyingine usiigombeze.

Na baada ya yote hayo, mimi nagusa pH mara chache sana siku hizi. Ikiwa kati ya 5.3 na 6.7 naiacha. Saladi haina habari na ile 5.8 uliyoandikiwa kwenye chati, kinachoiumiza ni kupelekwa juu na chini kila siku na mtu mwenye sirinji. Kuna watafiti wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Ohio, mwaka 2020, walikuza basili kwenye maji ya pH 4.0, ambayo chati zote zinasema ni kifo, na ukuaji haukutofautiana kwa maana na ile ya 5.5, halafu ule ugonjwa wa kuoza mizizi ukapungua. Sikushauri uende huko, mbolea yao waliipima vizuri kuliko yangu na yako. Lakini inatosha kukufanya usiamke usiku kwa ajili ya 6.4. Hata ile njia ya Kratky wa Chuo Kikuu cha Hawaii, ndoo moja haina pampu haina hewa, unajaza mara moja na unavuna, watu wanalima saladi nzima bila kugusa pH baada ya siku ya kwanza, kwa sababu siku ya kwanza maji waliyaweka sawa.

Pipa naliondoa maji EC ikianza kutoelewana na ukuaji, kwa kisima tupu ni mapema, kwa mchanganyiko wa mvua mpaka navuna. Hayo maji siyamwagi bafuni, yanaenda kwenye migomba ya nyuma, leo shina hili kesho lile, ili sodiamu isikae sehemu moja, na masika yakipita yanaisafisha. Mchicha uliojiotea pembeni ya migomba ndo mzuri kuliko wa kwenye mabomba, na huo sijawahi kuupimia pH.